Anakwenda Kushoto

Mchezaji wa jezi nyeupe alikuwa akitembea kuelekea ukingo wa kushoto wa uwanja, na hakuna mtu aliyekuwa ameishika pad. Kidude hicho cha kuchezea gemu kilikuwa kimelala juu ya kreti tupu ya soda, vijiti vyake viwili vikitazama dari, waya wake ukiingia kwenye mashine chini ya televisheni. Mchezaji alifika kwenye mabango ya pembeni, akaendelea kupiga hatua palepale, kifua kikisukuma bango lisilosogea, kama mtu anayeitwa na kitu kilicho nje ya kioo.

Kasyoki alikuwa ameketi peke yake kwenye benchi ya wateja, mikono mapajani, leso imemwangukia mabegani. Mumewe aliposimama mlangoni, hakugeuka.

"Mama Kaveke, tuna wageni nyumbani," Munyao akasema.

"Wape chai."

"Wamekuja kwa ajili yako."

"Huyu naye ana safari," Kasyoki akasema, akiinua kidevu kuelekea kioo. "Tangu saa nne. Hata nikizima nikawasha upya aanzie katikati, anageuka tu. Kushoto. Kule mto uliko."

Munyao akatazama upande ule bila kutaka. Palikuwa na ukuta wa mabati na kalenda ya mwaka jana. Lakini nyuma ya mabati hayo, milima ya Mbooni ilishuka mpaka chini kwenye joto, na huko chini ndiko ukuta wa mchanga ulikomwangukia mtoto wao wiki tisa zilizopita.

Kibanda kilikuwa cha Musembi, mtoto huyo. Alikikodi hapa sokoni Kikima akiwa na miaka ishirini na mmoja, akaweka mashine moja, televisheni moja na pad mbili, vijana wakawa wanalipa kucheza mpira wa kwenye kioo. Pad moja ilikufa kabla yake. Hii iliyobaki ilikuwa imeanza huu wazimu wake, na tangu mazishi Kasyoki alikuwa akija kila siku, anafungua kufuli, anawasha, anakaa. Alikuwa amekonda mpaka pete ikawa inazunguka kidoleni.

"Hiyo ni mashine imeharibika," Munyao akasema.

"Sawa."

"Nitaitengeneza uone."

Hapo ndipo mkewe alipomgeukia. "Usimguse," akasema.

Munyao akavaa kofia yake akarudi nyumbani peke yake.

*

Mgeni mkuu alikuwa Kalunde, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, mwanamke mrefu mwenye sauti ya taratibu. Alikuwa amekuja na mwenzake mmoja. Munyao akawamiminia chai mwenyewe. Kalunde alipokea kikombe, akakiweka mezani, akakifunika kwa kiganja. Hakukinywa. Munyao alielewa: katika nyumba inayosemwa vibaya, mtu hali wala hanywi.

"Mzee, sitazunguka," Kalunde akaanza. "Soko lote linaongea. Wanasema mke wa mzee wa kanisa anashinda mchana kutwa na aimu. Anaita mtu aliyekufa kwa mashine."

"Haiti mtu. Anakaa tu."

"Mimi mwenyewe nimechungulia pale. Nimeona kile kitu kikitembea na mama amekunja mikono. Mzee, kama hiyo si roho ya mfu, ni nini?"

Hata Munyao, fundi wa redio kwa miaka thelathini, alipokiona kwa mara ya kwanza nywele za mikono zilimsimama.

"Mchungaji amesema tutakuja Jumamosi," Kalunde akaendelea. "Tutaomba, halafu hiyo mashine itolewe nje ichomwe. Mama atalia, lakini atapona. Na wewe, Jumapili hii usipite na kapu la sadaka. Si adhabu. Ni kupumzika tu mpaka nyumba yako itulie."

"Nimebeba hilo kapu miaka kumi na minne."

"Ndiyo maana tunasema upumzike."

Walipoondoka, Munyao akabaki akiangalia kile kikombe kikifanya utando. Alitamani kukasirika, hasira haikuja. Mtu hukasirika anapoonewa, na yeye ndani ya moyo wake alijiona anastahili zaidi ya hayo.

Kwa sababu kulikuwa na ile Jumapili. Ibada imekwisha, wazee wamesimama kivulini mwa kanisa wakizungumzia nani atabeba mawe ya kujengea choo. Musembi akapita, na mzee mmoja akasema huyu kijana wako anaweza kusaidia. Munyao akacheka. "Huyu? Mikono yake ni laini kama ya bibi harusi. Kazi yake ni kubonyeza. Hajawahi kuinua hata debe." Wazee wakacheka. Musembi naye akatabasamu, akaingiza mikono mifukoni, akaenda zake.

Jumanne yake simu ikapigwa kutoka mtoni. Kijana alikuwa ameshuka kuchimba mchanga wa lori, ukuta wa shimo ukamfunika. Mazishini kila mtu alisema vilevile: siku yake ya kwanza, maskini, hakuijua ile kazi. Munyao alisimama kaburini akapiga hesabu ambayo hakuna mwingine aliyeipiga. Neno Jumapili, maiti Jumanne. Tangu siku hiyo hakuweza kulitaja jina la mwanawe, wala kulala na uso umeelekea ukutani, kwa sababu alihisi ukuta unamwangukia.

*

Ijumaa asubuhi Kasyoki alikwenda kupanga foleni ya maji kwenye kioski. Munyao akachukua ufunguo wa kibanda kwenye msumari, akaingia, akachomoa pad. Aliizungushia kitambaa kama mtu anayebeba yai, akaipeleka kwenye meza yake ya kazi, barazani mwa duka la mbegu.

Kabla ya kuitoa, alikuwa amejaribu yale mepesi. Redio za wateja zilimfundisha kwamba ugonjwa mwingi huponea nje. Kibandani alikuwa amechomoa waya na kuuchomeka tena. Mchezaji akaenda kushoto. Alikuwa ametafuta lile tundu dogo mgongoni, akaingiza sindano, akabonyeza mpaka taa ikazima na kuwaka upya. Mchezaji akasimama kidogo, kama anayefikiri, kisha akaenda kushoto. Alikuwa amekizungusha kile kijiti cha kushoto mara hamsini. Kilikuwa kinakwaruza. Si kwa masikio, kwa vidole. Ilibaki kuifungua tu.

Skrubu zilikuwa nne. Alizipanga kwenye kifuniko cha chupa kwa utaratibu zilivyotoka. Akapenyeza kadi ya zamani ya simu kwenye mshono, akausikia ukiachia, tak, tak, akafungua nusu mbili polepole kwa sababu ndani mlikuwa na utepe mwembamba unaoziunganisha, na utepe kama huo ukikatika hakuna fundi Kikima anayeushona. Akaondoa betri. Akatoa skrubu ya mwisho iliyoshika bodi. Hakuwahi kufungua kitu cha aina hii maishani, na bado mikono yake ilijua kwenda.

Chini ya kijiti cha kushoto palikuwa na kisanduku cha bati, na ubavuni mwake vifuniko viwili vidogo vya kijani. Akabandua kimoja kwa ncha ya kisu. Ndani mlikuwa na kipande cheupe kinachozunguka juu ya mstari mweusi wa makaa.

"Volyumu," akasema kwa sauti, peke yake.

Hakikuwa kitu kingine. Ni kifaa kilekile kilicho nyuma ya kitufe cha sauti cha kila redio. Uchafu ukikaa juu ya ule mstari mweusi, redio inapiga kelele bila kuguswa. Hapa, badala ya kelele, mtu anatembea. Kwa dakika moja nzima Munyao alijisikia mwepesi. Angewaonyesha. Angemwita Kalunde na mchungaji, awaambie hii ndiyo aimu yenu, ni volyumu.

Akainamisha bodi juu ya gazeti akaigonga kwa kidole. Kitu kikamwagika kwa sauti ndogo kama ya mtama.

Ulikuwa mchanga.

Munyao akavaa miwani. Udongo wa Kikima ni mwekundu, huingia kila mahali, na alitarajia wekundu. Huu ulikuwa mweupe, safi, wenye chembe za kumetameta. Mchanga wa mto. Akagonga tena, ukamwagika tena. Akachukua sindano akachokoa chini ya kijiti, na huko haukumwagika. Ulikuwa umeshikana na mafuta ya vidole na soda, umekuwa kama saruji, tabaka juu ya tabaka, na katikati ya tabaka uzi wa vumbi jekundu, halafu mweupe tena, halafu mwekundu.

Fundi wa muda mrefu huusoma uchafu kama wengine wanavyosoma barua. Redio ikiletwa, anajua ilikaa jikoni au chumbani, mwaka mmoja au mitano. Munyao aliyahesabu matabaka, akaacha, akaanza tena. Mtu aliyeshika mchanga siku moja na akafa siku hiyohiyo hawezi kurudi kushika pad. Mchanga huu uliletwa na mikono iliyokwenda mtoni na kurudi, ikaenda na kurudi, miezi mingi.

Mwenye duka la mbegu akamwuliza kama redio yake iko tayari. Munyao hakumsikia.

*

Nthiwa, mchimbaji mwenzake Musembi, alikuwa ameacha mto. Siku hizi alipakia maparachichi kwenye lori upande wa juu wa soko, mtu wa miaka thelathini na kitu, mwenye mkono mmoja usionyooka vizuri tangu ile Jumanne, kwa sababu yeye ndiye aliyemfukua Musembi kwa mikono. Alipomwona mzee akija, alishusha kreti.

"Nthiwa," Munyao akasema, "ilikuwa siku yake ya ngapi?"

Nthiwa hakuuliza siku ya nini. Alijifuta uso kwa fulana. "Mzee, pale mazishini hakuna aliyeniuliza."

"Nakuuliza mimi."

"Alianza mwezi wa pili, akafa wa kumi. Jumatatu mpaka Jumatano anashuka na sisi, Alhamisi anafungua kibanda. Mimi ndiye niliyekuwa mgeni. Yeye ndiye alinifundisha kusimama shimoni."

"Alikuwa akituambia anaenda mjini Wote kutafuta spea."

"Ndiyo. Tulikuwa tukimcheka. Tunamwuliza, spea za leo zimekuwa ngapi." Nthiwa akatabasamu, tabasamu likamfia. "Alikuwa anajipaka mafuta ya kula viganjani kabla ya kupanda bodaboda ya kurudi. Anasema mzee asione."

Munyao akaketi juu ya kreti. "Na pesa alipeleka wapi? Kibanda hakikuongezeka kitu."

Nthiwa akatazama chini. "Hilo muulize Kaveke."

"Wewe niambie."

"Mzee, wewe ulisema pesa ya gemu haitaingia nyumbani kwako. Yeye akasema, basi labda ya mchanga itaingia, ikipitia kwa dada. Alikuwa anamtumia Kaveke kule Kiboko, Kaveke anakutumia wewe. Ni ile ya dawa za presha."

Vidonge viwili vyeupe, kila asubuhi, kabla ya chai. Munyao alikuwa akimwombea Kaveke kila alipovimeza. Alikuwa akisema mbele ya watu, namshukuru Mungu nina mtoto mmoja anayejua kazi.

Akatoa simu akampigia binti yake palepale. Kaveke alikuwa mpishi katika hoteli ya barabarani. Nyuma yake sufuria ziligongana.

"Dawa zangu alikuwa ananunua nani?" Munyao akauliza, bila salamu.

Sufuria zikaendelea kugongana. Kisha mlango ukafungwa, kukawa kimya.

"Nau," Kaveke akasema, akimwita baba kwa lile neno la utotoni, "nilitaka kukuambia siku ya mazishi. Nikakuona vile umesimama. Nikaogopa utaanguka ndani."

Munyao akakata simu kwa sababu hapakuwa na zaidi. Bado alikuwa na swali moja la kumwuliza Nthiwa.

"Ile Jumanne, alisema kitu juu yangu?"

Nthiwa aliinua kreti, akairudisha chini. Alikuwa mtu mwema, na mtu mwema hutafuta uongo mzuri kwanza. Hakuupata.

"Alisema. Tukiwa tunashuka asubuhi. Alisema, 'Mzee amewaambia wazee mikono yangu ni laini.' Akacheka, tukacheka wote. Halafu hakuongea mpaka saa nne, na siku zote yeye ndiye anayeongea. Alikuwa anachimba ndani sana, chini ya ukuta. Nikamwambia, Musembi, toka hapo, huo unaning'inia. Akasema, koleo moja tu la mwisho."

Lori likapiga honi. Nthiwa akaenda na kreti yake.

*

Aliporudi barazani, saa nane imepita, alimkuta Kasyoki ameketi kwenye kigoda cha wateja. Ndoo ya maji ilikuwa miguuni pake. Mbele yake, juu ya gazeti, ile pad ilikuwa imelala wazi, bodi upande mmoja, ganda upande wa pili, na kilima kidogo cha mchanga mweupe katikati.

"Umemfungua," akasema.

"Nimefungua pad."

"Nilikuambia usimguse."

Munyao akasimama kama mteja mbele ya meza yake mwenyewe. Akaanza kumweleza, na maneno yakatoka ovyo: kwamba si roho, ni uchafu, na uchafu wenyewe ni mchanga wa mto, na maana yake ni kwamba hakuwa mgeni kule, alikuwa akienda tangu mwezi wa pili, Nthiwa amesema, na Kaveke, na dawa. Alimweleza yote.

Kasyoki alimsikiliza akitazama ule mchanga. Hakushtuka hata mara moja.

"Baba Kaveke," akasema, "nguo zake zilikuwa zinafuliwa na nani?"

Munyao akaitazama ndoo ya maji miguuni pa mkewe.

"Kila Alhamisi nilikuwa nakung'uta suruali. Mchanga kwenye mifuko, kwenye pindo, kwenye soksi. Chini ya karai palikuwa panabaki mchanga wa kutosha kusugua sufuria. Wiki ya pili nikamwuliza. Akanishika mkono, akasema, mwaitu, mama yangu, usimwambie mzee, atasema ninajionyesha. Nikakubali. Nikamfichia."

"Ulijua."

"Nilijua. Ile Jumatatu jioni alirudi akaniambia shimo limekuwa refu, linamtisha. Na asubuhi ya Jumanne nikamfungia viazi kwenye karatasi, nikasimama mlangoni, nikamwona akipinda kushoto pale kwenye mti wa mkuyu. Nilitaka kumwita. Nikasema akirudi nitamwambia aache." Akavuta leso akaifunga vizuri kichwani, taratibu, kama mtu aliye kanisani. "Wewe unafikiri nakaa pale naongea na aimu. Siongei na mtu. Naangalia tu. Kila siku anakwenda, na kila siku nimekaa pale sisemi kitu."

Munyao akaiegemea meza. Wiki tisa alikuwa amelala kando ya mwanamke huyu akidhani hatia ni yake peke yake, akiuonea wivu usafi wa machozi yake.

"Nikiitengeneza hatakwenda tena," akasema mwishowe.

"Atafanya nini?"

"Atasimama."

Kasyoki akaisogeza bodi karibu yake. Watu wawili walipita wakawasalimu, hakuna aliyeitikia.

"Nipe kitu cha kusafishia," akasema.

Akampa mswaki wa zamani na pamba, akamimina spiriti kwenye kizibo. Munyao alishika bodi, Kasyoki akasugua, akianzia pembeni kama mtu anayeosha mtoto aliyelala. Akang'oa yale matabaka moja baada ya jingine. Yalipokuwa magumu aliyalowesha akangoja. Kwenye ule mstari mweusi Munyao alimzuia, akapitisha pamba mwenyewe, mara tatu, mwendo mmoja, kwa sababu makaa yakikwaruzwa hayarudi. Akapuliza kwa pampu ya baiskeli. Akarudisha kifuniko cha kijani, utepe, betri, skrubu ya ndani, ganda, skrubu nne. Kasyoki akalikunja gazeti lenye mchanga, akalikunja tena, akamkabidhi mumewe bila kusema alitie wapi. Munyao akalitia mfuko wa shati.

Hawakwenda kujaribu siku ile. Hakuna aliyependekeza.

*

Jumamosi saa nne wakaja, akina mama saba na mchungaji. Mmoja alibeba galoni ndogo ya manjano ya mafuta ya taa, akiificha nyuma ya sketi kwa adabu. Kibanda kiliwatosha kwa kusimama tu. Kasyoki alikuwa kwenye benchi, na hakuna aliyeketi karibu naye.

"Kabla ya kuomba," Munyao akasema, "naomba mtazame."

Akachomeka. Mashine ikaguna, kioo kikawaka, nyasi zikatokea, na katikati ya nyasi yule mchezaji wa jezi nyeupe. Munyao akaiweka pad juu ya kreti akarudi nyuma.

Mchezaji hakuenda popote. Alisimama. Kifua chake kilipanda na kushuka, alihamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule, akatazama kulia, akatazama kushoto, akatulia. Akina mama walingoja. Dakika moja ikapita, pengine mbili. Nje kuku alikuwa akiparura chini ya mabati.

"Bwana asifiwe," Kalunde akasema kwa sauti ya chini. "Ametoka."

"Amina," wakaitikia.

Mchungaji, mtu mpole aliyeonekana kufurahi kwamba hakutakuwa na moto, akamshika Munyao bega. "Mzee, basi kesho tutakuona na kapu letu."

Yote yalikuwa yamerudi. Hakutakiwa hata kudanganya; alitakiwa kunyamaza tu, na kunyamaza kulikuwa kumejaa tele katika nyumba yake. Aliwatazama wale wanawake, waume zao ndio waliocheka pale kivulini. Akatoa gazeti mfukoni, akalifungua juu ya kiganja.

"Hakuna aliyetoka," akasema. "Kilichotoka ni hiki. Ni mchanga wa mto. Ulikuwa ndani ya pad kwa sababu mtoto wangu alikuwa akichimba mchanga miezi minane, na pesa yake mimi nimeimeza na maji kila asubuhi. Mimi nilimwita mvivu mbele ya wazee. Jumapili. Jumanne akaingia shimoni akiwa na neno langu."

"Mzee," mchungaji akasema taratibu, "hayo ni mambo ya nyumbani."

"Niliyasemea kanisani."

Kasyoki hakuinua kichwa, lakini sauti yake ikasikika. "Na mimi nilijua. Andikeni na hilo."

Hakuna aliyejua jinsi ya kuomba baada ya hapo. Mchungaji aliomba kifupi, akataja faraja mara mbili, na alipomaliza hakusema tena habari za kapu. Akina mama wakatoka mmojammoja wakiinamia mlango. Kalunde alikuwa wa mwisho. Alisimama mbele ya Kasyoki kama mwenye neno, kisha akainama, akaiokota ile galoni iliyosahauliwa, akaenda nayo.

Munyao akaketi kwenye benchi. Tangu kibanda kifunguliwe, miaka mitatu, hakuwahi kuketi humo. Mchezaji alikuwa bado amesimama katikati, akihamisha uzito, akitazama huku na huku.

"Nilidhani akisimama nitapumua," Kasyoki akasema.

"Na sasa?"

"Sasa ni kama anatungoja."

Munyao akaichukua pad. Aliijua kila skrubu, kila waya, aliweza kuifungua akiwa amefumba macho. Kitufe gani hufanya nini hakujua, na mwanawe aliyejua, yeye hakuwahi kumwuliza. Kasyoki akaweka mkono wake juu ya wake. Wakabaki hivyo, hakuna aliyesukuma kijiti, mpaka mchana ulipogeuka na stima ikapotea sokoni kote. Kioo kikawa cheusi, na ndani yake wakaonekana wazee wawili kwenye benchi ya vijana.

"Stima ikirudi utawasha?" Kasyoki akauliza.

"Nitawasha."

Hakuna aliyeinuka.